Biodizeli ya mimea na vyuma vya injini: ni nini hasa kinachokula shaba?

Mwishoni mwa mwezi wa tano, masika yakiwa yanakatika, shemeji yangu alipeleka Land Cruiser lake la utalii kwa fundi pale Unga Limited, Arusha. Gari lilikuwa limelala uani wiki saba, kama yanavyolala magari mengi ya safari mvua zikianza na wageni wakipungua. Liliwaka kwa kubembelezwa, likatoa moshi mweupe, na chini ya filta ya dizeli palikuwa na unyevu usiokauka. Fundi akafungua njia ya mafuta, akatandaza gazeti, akaweka juu yake vitu vitatu: washa (vipete vya kuzibia viungo) za shaba nyekundu zilizogeuka kijani pembezoni, kipande cha mpira wa mafuta kilichovimba na kulegea kama chapati iliyolowa chai, na filta iliyoshika utelezi wa kahawia.

"Kaka, haya mafuta ya mimea yanakula injini," alisema. "Rudi kwenye dizeli."

Shemeji alikuwa ametumia mchanganyiko: robo tatu dizeli ya kituoni, robo biodizeli iliyotokana na mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangia chipsi. Aliinunua kwa madumu, bila karatasi yoyote ya kipimo.

Neno la fundi si la kupuuza, maana alichokisema amekiona kwa macho yake. Lakini hilo "yanakula" limefunika mambo manne au matano yasiyofanana, na kila moja lina chanzo chake na dawa yake. Mimi nimesomea kemia, na shemeji aliniuliza swali la haki kabisa: gari limeharibiwa na mmea, na aliyetengeneza mafuta, au na yeye aliyeliacha likae? Ilibidi nimjibu kwa kirefu.

Mafuta ya kula na biodizeli ni vitu viwili

Tuanze hapa kwa sababu hata mafundi wazuri huchanganya. Wapo wanaomimina mafuta ya mbegu moja kwa moja kwenye tanki. Jambo hilo ni la zamani: mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Huku kwetu, kule Engaruka wilayani Monduli, ambako mbono kaburi (jatrofa) umekuwa uzio wa mashamba kwa miaka mingi, shirika la nishati la TaTEDO lilifunga mashine ya kijiji iliyotumia mafuta ghafi ya mbono. Injini ya kizamani yenye mwendo wa taratibu inaweza kuvumilia. Shida ya mafuta ghafi ni mnato. Ni mazito, nozeli haiyapulizi vizuri, hayaungui yote, na masizi yanaganda kwenye ringi na vali.

Biodizeli ni mafuta hayohayo yaliyovunjwa. Chembe moja ya mafuta ya mmea ni asidi tatu za mafuta zilizofungwa kwenye gliserini, mithili ya mbuzi watatu kwenye kigingi kimoja. Ukitia methanoli pamoja na kostiki kidogo ya kuharakisha kazi, kila mbuzi anafunguliwa kigingini na kupewa kamba yake fupi. Gliserini inazama chini. Kinachobaki juu kinaitwa esta, nayo ndiyo biodizeli. Mnato unashuka takriban mara nane na kukaribia ule wa dizeli ya kawaida.

Kila esta ina kichwa chenye oksijeni na mkia mrefu wa kaboni. Oksijeni hiyo ni kama asilimia 11 ya uzito wa biodizeli yote, ilhali dizeli ya petroli, ile ya kituoni, haina kabisa. Kichwa hicho kinapenda kushika chuma, na kwa hiyo biodizeli inalainisha pampu vizuri kuliko dizeli. Kichwa hichohicho kinapenda maji, na kinayeyusha vitu ambavyo dizeli haivigusi. Faida na hasara zinatoka mlango mmoja, kwa hiyo anayeahidi kukupa faida pekee hajakueleza yote.

Kuchacha

Wenyeji wa Moshi wanaijua mbege, pombe ya ndizi. Ikiwa changa ni tamu, ikikaa inachacha, ikikaa zaidi inakuwa siki. Mafuta ya petroli yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, na chochote cha kuharibika upesi kimekwisha kuharibika. Biodizeli jana ilikuwa mbegu. Ina umri wake, kama chakula.

Mbege inachachushwa na vijidudu. Biodizeli inachachushwa na hewa. Oksijeni inashambulia mkia wa esta pale kaboni mbili zinaposhikana kwa kiungo maradufu, na kasi inategemea viungo hivyo ni vingapi. Wanakemia wana kipimo cha kukumbukwa: ukichukulia esta ya asidi oleiki, yenye kiungo kimoja cha namna hiyo, kuwa inachacha kwa kasi ya 1, ile ya linoleiki yenye viwili inachacha kwa kasi ya 41, na ya linoleniki yenye vitatu kwa kasi ya 98. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo inayotenganisha mmea na mmea. Alizeti ya kawaida imejaa linoleiki. Mbono uko katikati, oleiki na linoleiki zikikaribiana. Mawese na nazi zina asidi nyingi zilizoshiba, yaani zisizo na viungo hivyo, haziguswi kirahisi na hewa, ila zinaganda upesi kwenye baridi. Kwa hiyo anayesema "mafuta ya mimea" kana kwamba ni kitu kimoja amekosea kabla hajafika kwenye injini. Shemeji alikuwa ameweka mmea unaochacha haraka kuliko karibu mingine yote tunayokamua huku, tena uliokwisha kuchemka mara nyingi kwenye karai.

Kinachozaliwa na kuchacha ni asidi fupifupi, zikiwamo asidi ya siki na asidi fomiki, ile ambayo sisimizi wa aina fulani hujilindia nayo. Hizo ndizo zenye meno. Esta safi na mbichi haina ukali wa kutisha kwa chuma. Esta iliyochacha ni tindikali hafifu inayozunguka kwenye njia nzima ya mafuta, mchana na usiku, hata injini ikiwa imezimwa. Mwisho wa mchakato, mabaki yanashikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa gundi ya kahawia. Ule utelezi kwenye filta ya shemeji ndio huo.

Maji

Arusha iko kwenye kimo cha kama mita 1,400. Mchana wa masika ni vuguvugu, usiku ni baridi. Tanki lililojaa nusu linapumua: joto linasukuma hewa nje, baridi inaivuta ndani ikiwa na unyevu, na unyevu unatona kwenye kuta za tanki. Dizeli ya petroli inakataa maji, yanazama chini na unaweza kuyafungulia. Biodizeli inayabeba yakiwa yameyeyuka ndani yake, mara kumi na zaidi ya kiasi ambacho dizeli inaweza kubeba. Yakiwa yamefichwa hivyo, yanafika hadi kwenye pampu, na baridi ikizidi yanajitenga na kukaa palepale yalipo.

Maji hayo yana kazi tatu, zote mbaya. Yanatia kutu kwenye chuma cha kawaida, jambo linalojulikana na kila mtu. Yanairudisha esta nyuma, iwe asidi ya mafuta tena. Na yanawapa bakteria na kuvu mahali pa kuishi, pale maji na mafuta yanapopakana chini ya tanki, nao wanakula mafuta na kuacha asidi nyingine. Ukifungulia tanki ukaona kitu kama ute mweusi wenye harufu ya kuoza, fahamu kuwa kuna viumbe hai humo.

Shaba inavyochochea moto

Nafika kwenye zile washa za kijani, na hapa ndipo ningependa kila fundi wa Unga Limited anisikilize.

Si kila chuma kinalika sawa. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Malaya nchini Malaysia walichapisha jaribio rahisi kulieleza: walizamisha vipande vya shaba nyekundu, aluminiamu na chuma cha pua kisichoshika kutu kwenye biodizeli ya mawese, na vingine kwenye dizeli, kwa saa 1,200 kwenye nyuzi 80 za Selsiasi. Shaba ililika kuliko vyote, na kwenye biodizeli ililika zaidi kuliko kwenye dizeli. Aluminiamu ilifuata kwa mbali. Chuma cha pua karibu hakikuguswa. Mpangilio huo umejirudia katika majaribio mengi. Kundi linaloumia ni shaba nyekundu, shaba nyeupe, risasi, bati la kulehemu na zinki. Chuma, chuma cha pua na aluminiamu viko salama zaidi, mradi maji na kostiki havipo.

Lakini habari haiishii kwenye shaba kuliwa. Shaba inayoyeyuka haipotei. Inaingia kwenye mafuta, na humo inafanya kazi ya kichochezi: inaharakisha kuchacha bila yenyewe kuisha. Mafuta yaliyochacha yanakula shaba zaidi, shaba zaidi inachachusha mafuta zaidi. Kiasi kidogo sana cha shaba, sehemu chache katika milioni, kinatosha kufupisha umri wa dumu zima. Kwa hiyo washa ya shaba ndani ya njia ya mafuta inaliwa, na wakati huohuo inaharibu kilichobaki tankini. Ndiyo maana nasema swali la "biodizeli inakula shaba?" limeulizwa nusu. Vinaharibiana. Gari likitembea kila siku, mafuta yanapita, yanaungua, mengine mapya yanaingia, na mzunguko huo hauna muda wa kukomaa. Gari likilala wiki saba na mafuta yaleyale yakigusa shaba ileile, muda upo wa kutosha.

Kuna kipimo cha kimataifa cha jambo hili: kipande cha shaba kilichong'arishwa kinazamishwa kwenye mafuta kwa saa 3, kwenye nyuzi 50, kisha rangi yake inalinganishwa na kadi. Muuzaji akikuambia mafuta yake "yamefaulu kipimo cha shaba", usiridhike. Kipimo hicho kilibuniwa kwa ajili ya salfa iliyomo kwenye mafuta ya petroli, na biodizeli mbichi hukifaulu bila taabu. Saa tatu haziwezi kukuonyesha kitakachotokea baada ya miezi miwili. Muulize mambo mawili mengine: kiwango cha asidi, ambacho kwa viwango vya Marekani na Ulaya hakitakiwi kuzidi miligramu 0.50 za potashi kali (hidroksidi ya potasiamu, inayotumika kuzima asidi) kwa gramu moja ya mafuta, na uvumilivu wake kwa hewa, unaopimwa kwa kupuliza hewa ndani ya mafuta ya nyuzi 110 na kuhesabu saa hadi yachache. Ulaya inadai saa 8, Marekani inatosheka na 3. Mwenye majibu ya hayo mawili anaijua kazi yake.

Makosa ya jikoni

Yapo madhara yasiyotoka kwenye mmea wala kwenye uzee wa mafuta, bali kwa mtengenezaji mwenye haraka. Biodizeli inatakiwa kuoshwa kwa maji, kutulia, kisha kukaushwa. Asiyeosha anaacha kostiki na sabuni, na kostiki inaila aluminiamu, ambayo ndiyo pistoni na maungo mengi ya pampu. Asiyetoa gliserini yote anaacha kitu kizito kinachozama na kuvuta maji. Aliyeosha lakini hakukausha amekuuzia maji.

Mafuta yenye asidi nyingi tangu mwanzo yana hatari ya ziada. Miaka ya 2000, mbono ulipopigiwa debe nchini na kampuni ya Diligent ilipokuwa Arusha ikinunua mbegu kwa wakulima wadogo, wengi waliutazama mti tu: unastahimili ukame, mifugo haiuli. Wachache walizungumzia mbegu inayokaa ghalani ikiwa na unyevu. Asidi huru ya mafuta yake inaweza kupita asilimia 10, na mafuta ya namna hiyo ukiyatia kostiki moja kwa moja unapata sabuni. Yanahitaji hatua ya kwanza ya kutibiwa kwa methanoli na asidi ya salfuriki. Masalia ya asidi hiyo yakibaki kwenye mafuta, hapo huhitaji kusubiri kuchacha, maana umemimina tindikali ya betri ndani ya tanki, japo kwa matone. Mafuta ya chipsi yana tatizo la jamii hiyohiyo, kwa kuwa maji ya viazi na moto wa karai vimekwisha kuyavunja.

Mpira uliovimba si ulikaji hata kidogo, ingawa unawekwa kwenye shtaka moja. Mpira wa asili na ule wa naitraili wa magari ya zamani unafyonza esta na kuvimba. Mpira wa aina ya Viton haujali. Ni kubadilisha tu. Na filta kuziba wiki za mwanzo mara nyingi ni uchafu wa miaka mingi wa dizeli, ambao biodizeli imeukwangua tankini na kuuleta mbele.

Sehemu isiyotazamwa: oili

Fundi wa shemeji alitazama njia ya mafuta. Mimi nilimwomba achomoe kijiti cha oili. Biodizeli inachemka kwenye joto la juu, kama nyuzi 330 hadi 350. Matone yasiyoungua yanateleza kwenye ukuta wa silinda, yanapita ringi na kushuka kwenye oili. Dizeli ikishuka hivyo, sehemu yake nyepesi inavukizwa na joto la injini na kutoka. Biodizeli inabaki, safari baada ya safari. Humo inachacha tena, safari hii kwenye joto kali na hewa tele, na asidi yake inakutana na beringi za kranki, ambazo sehemu yake laini ni shaba, risasi na bati, yaani yaleyale makundi dhaifu. Viungo vya oili vilivyowekwa kuzima asidi vinamalizika kabla ya wakati.

Washa ya kijani bei yake ni ndogo. Beringi iliyoliwa inaondoka na kranki. Kwa mtu anayetumia mchanganyiko mzito wa biodizeli, ningepunguza kilomita za kubadili oili kabla sijagusa kitu kingine chochote, na oili ikipanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, isiachwe hata siku moja.

Upande ambao haki inadai usemwe

Dizeli nayo ina historia yake ya kula injini. Salfa ikiungua na kukutana na unyevu inakuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo imekula mabomba ya moshi na silinda za wazee wetu bila mtu kuisingizia mimea. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushuka hadi sehemu 50 za salfa katika milioni kuanzia 2015, jambo jema kwa mapafu na kwa chuma pia. Lakini usafishaji unaoondoa salfa unaondoa na sehemu ya ulainishi wa dizeli. Ndani ya pampu, plunja, ile pistoni ndogo inayosukuma mafuta, inapita kwenye nafasi ya maikroni mbili tatu, huku unywele wa binadamu ukiwa na kama 70. Hapo hakuna oili, mafuta yenyewe ndiyo yanayolainisha. Asilimia moja au mbili ya biodizeli inatosha kurudisha ulainishi uliopotea. Pampu iliyokwaruzika na pampu iliyolika si ugonjwa mmoja, na ule wa kwanza biodizeli huuzuia.

Brazili ilipandisha kiwango cha lazima cha biodizeli kwenye dizeli hadi asilimia 14 mwaka 2024, Indonesia ilifika 35 mwaka 2023. Magari ya huko yanatembea kwa sababu mafuta yanapimwa, yanawekewa viungo vya kuzuia kuchacha, na hayakai.

Sasa swali la shemeji. Alikuwa na dumu moja ambalo halijafunguliwa. Nilichukua sampuli mbili, moja ya dumu na moja ya tanki, nikazipima asidi kwa kudondoshea potashi hadi rangi ibadilike. Ya dumu ilikuwa imevuka kikomo kidogo. Ya tanki ilikuwa imevuka kwa mbali, ingawa biodizeli ilikuwa robo tu ya mafuta yaliyomo. Mtengenezaji aliuza kitu kilichokwisha kuanza kuharibika, na wiki saba za masika, tanki nusu na washa za shaba vikamalizia. Mmea wenyewe sikuupata na hatia, zaidi ya kuwa alizeti.

Mwaka huu, wiki ya mwisho kabla ya kulilaza gari, alitembea Arusha hadi Moshi na kurudi ili amalize mchanganyiko, akajaza dizeli ya kituoni hadi shingoni mwa tanki, akaizungusha injini nusu saa ili mafuta mapya yafike kwenye nozeli. Mipira ni ya Viton. Washa za njia ya mafuta fundi amezibadili kwa za aluminiamu, isipokuwa mbili ambazo saizi yake haikupatikana mjini, hizo zimebaki za shaba. Madumu ameyaweka kivulini, yamejaa hadi juu, na kila moja lina tarehe. Mvua zikikatika tutafungua zile washa mbili tuone rangi yake.